Ardhi Ilipoanzia Kumeguka

Kimbunga Maria kilipita Puerto Rico tarehe 20 Septemba 2017. Baadaye wanajiolojia wa serikali ya Marekani na wenzao wa Chuo Kikuu cha Puerto Rico huko Mayagüez walizikalia picha za satelaiti na za ndege, wakitia nukta moja kila ardhi ilipomeguka, hadi zikapita 71,000. Nukta haikutiwa pale tope lilipotua na kuziba barabara, bali juu, udongo ulipoanzia kuachia. Ufundi wenyewe uko hapo. Tope huonyesha hasara. Chanzo huonyesha sababu. Ndiyo maana poromoko la msituni lisilomdhuru hata kuku huhesabiwa sawa na lile lililofukia nyumba. Ramani iliyofuata magazeti ingetuonyesha watu wanakoishi, si milima inakovunjika.

Wapo wasemao kazi hii iachiwe kompyuta, na wana nusu ya haki. Kompyuta hulinganisha picha za kabla na za baada, ikatia alama palipopoteza kijani. Lakini kimbunga kile kilinyonyoa majani milima mizima, na shamba lililolimwa juzi, machimbo ya kokoto na mchanga wa mto vyote huonekana vyeupe vivyo hivyo. Mawingu nayo hukawia kuondoka; rada huyapenya, ila kwenye magenge makali upande mmoja hufichika. Basi hapana budi mtu apande, aushike udongo, apime kina cha mmeguko. Sisi Tanzania tumeliona hilo kwenye Mlima Hanang: tope liliposhuka Katesh Desemba 2023, uvumi wa volkano ulienea upesi kuliko misaada, na waliouzima ni wanajiolojia walioeleza kuwa ni mwamba dhaifu ulioshiba maji.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba ramani hizi huja baada ya mazishi. Ni kweli, na waliokufa haziwafai kitu. Hata hivyo, nukta zile za Maria ndizo zilizotumika kuchora ramani ya miteremko ya hatari ya kisiwa hicho, iliyotolewa 2020, ikipima, pamoja na mengine, ukali wa mteremko, aina ya mwamba, unyevu wa udongo na umbali kutoka barabarani. Hilo la barabara, nadhani, litawaudhi wengi, kwa kuwa kilima kilichokatwa mguu kupisha lami hakikukatwa na mvua. Mwenye ramani hiyo mkononi anaweza kumwuliza mhandisi, kabla ya masika, maji ya mtaro wake yanamwagikia mteremko upi.