Utani, Ufundi wa Kusema Bila Kujeruhi

Msimu wa kahawa ukifika Mbinga, kazi ngumu kuliko zote kwenye chama cha ushirika si kubeba magunia. Ni kumwambia mkulima aliyepalilia, akachuma na kuanika, kwamba kahawa yake haijakauka. Karani akilisema kavukavu, anazua ugomvi. Akinyamaza, anaharibu mzigo wa wote, kwa kuwa unyevu huvundisha.

Sasa tuseme karani ni Mhehe na mkulima ni Mngoni. Karani anatia mkono guniani, anauliza: “Mtani, hii umeivuna shambani au umeivua ziwani?” Foleni nzima inaangua kicheko. Mngoni naye hakubali kushindwa: “Bora ibaki na maji, maana mzani wako una kiu, hunywa kilo za watu kila msimu!” Wanacheka tena. Kahawa inarudi kuanikwa, na mzani unakaguliwa mbele ya wote.

Hapo yamesemwa mambo mawili mazito, la uzembe na la wizi, na hakuna aliyevunjiwa heshima. Huo ni ufundi, na nausifu kwa moyo wote.

Ufundi huo ulinunuliwa kwa gharama kubwa. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali kati ya 1878 na 1882, na hakuna aliyemmaliza mwenzake. Waliopimana nguvu wakaheshimiana, na heshima hiyo ikazaa ruhusa ya kutaniana ambayo wajukuu wao wanaitumia hadi leo, sokoni, kwenye basi na maofisini.

Kwenye Ziwa Nyasa ilitokea kinyume chake. Agosti 1914, nahodha Mwingereza Rhoades aliipeleka meli yake, Guendolen, hadi Liuli, ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen. Akaipiga kwa mzinga Hermann von Wissmann, meli ya Kijerumani iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wa meli hiyo, Berndt, alikuwa rafiki wa Rhoades wa kunywa naye, na habari za vita kati ya Waingereza na Wajerumani zilikuwa hazijamfikia. Berndt alimfuata Rhoades kwa mashua ndogo, amefura kwa hasira, akamuuliza kama amelewa. Akachukuliwa mateka. Urafiki wao ulikuwa wa watu wawili tu. Ilipokuja amri kutoka mbali, hapakuwa na mila ya kuushikilia.

Utani wetu una mila hiyo. Mtani anayekucheka leo ndiye atakayekuja msibani kwako kuchimba kaburi, kuchota maji na kuwachekesha wafiwa mpaka wale chakula. Haki ya kukutania ameilipia kwa jasho. Kwa hiyo maneno yake, hata yakiwa makali, huyasikii kama ya adui.

Jambo hili lina uzito katika kazi za sasa. Wilaya ya Nyasa ilipomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, Mbamba Bay ikawa makao ya ofisi zinazopokea watumishi wa makabila mengi. Ofisi ya namna hiyo inahitaji kicheko. Lakini kicheko kina masharti. Kwanza, kiende na kurudi: mkuu anayemtania mhudumu asiyethubutu kumjibu hatanii, anadharau. Pili, kisiguse ugonjwa, umaskini, utasa wala maumbile ya mtu. Wahenga walishaonya kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha. Tatu, kibebe ukweli unaosaidia kazi, kama ule wa gunia na mzani.

Basi wewe unayeongoza watu, usianze kwa kutafuta vichekesho. Anza kwa kushika jembe pamoja nao, kuwazika wafu wao na kuwaachia nafasi ya kukutania wewe kwanza. Ukishayafanya hayo, neno lako gumu litasikika, na kazi itakwenda. Anayetaka kuchekesha kazini bila kuwatumikia wenzake anyamaze kwanza.