Yorktown katika Picha ya Trumbull

Picha ya John Trumbull iliyomo katika jengo la Bunge la Marekani yaonyesha jeshi la Uingereza likisalimu amri kwa walowezi walioasi, Yorktown, tarehe 19 Oktoba 1781. Wafaransa wamepangwa upande mmoja, Wamarekani upande wa pili. Twamsifu mchoraji kwa haki hiyo. Lakini jicho letu huvutwa na Jenerali Lincoln juu ya farasi mweupe, ilhali jambo liliamuliwa baharini: tarehe 5 Septemba manowari za Kifaransa za de Grasse ziliwazuia Waingereza kumwokoa Cornwallis. (Huyo mwenyewe hakuhudhuria; alidai ni mgonjwa.) Na watumwa waliomkimbilia wakitafuta uhuru, kisha akawafukuza kambini chakula kilipopungua? Hatuwaoni.