Mguso wa Kwanza

Ilikuwa saa kumi na moja jioni, Kasulu, mwezi wa saba. Vumbi jekundu lilikuwa limeshapanda hadi kwenye majani ya miembe. Nyuma ya darasa la mwisho la shule moja ya sekondari, binti alikuwa anapiga mpira ukutani. Anaupiga kwa mguu wa kulia, ukuta unaurudisha, anautuliza kwa wa kushoto, anaupiga tena. Nilikaa kwenye jiwe nikamtazama mpaka alipoitwa nyumbani. Hakupiga danadana hata moja. Kazi yake jioni ile ilikuwa kuupokea mpira, basi.

Tukizungumzia wanasoka wa kike waliofika mbali, huwa tunahesabu magoli. Mimi kila mwaka nazidi kuamini kwamba kazi yenyewe iko kwenye mguso wa kwanza, ule ambao kamera ya televisheni mara nyingi haiuoni kwa sababu umekwisha kabla mtangazaji hajalitaja jina la mchezaji. Mpira wa mechi una uzito wa gramu 410 hadi 450. Pasi kali ikikutana na mguu uliokakamaa, mpira unagonga na kukimbia mita tatu, na beki ameshaondoka nao. Anayejua anaulegeza mguu kwenye kifundo, anaunyoosha mbele kidogo kuukaribisha mpira, na pale pale wanapokutana anaurudisha nyuma. Ni kama unavyompokea mtoto mchanga kutoka mikononi mwa mwenzako: humdaki, unashuka naye.

Hiyo ni nusu ya kwanza. Kuuua mpira pale pale mguuni kunapendeza macho, lakini mshambuliaji aliyelipa lango mgongo, na beki anamhemea shingoni, akiutuliza mpira hapo tu amejifunga mwenyewe. Mguso wake lazima uwe tayari ni safari. Unauvuta mpira nusu hatua pembeni, upande ambao beki hakuuweka mguu wake wa nguvu, na mwili unageuka pamoja nao. Lango ni lile lile la mita 7.32 kwa 2.44 alilonalo mwanamume. Atakayelifikia huwa ameshaamua wapi pa kwenda wakati mpira bado uko njiani.

Ndiyo maana namfuatilia sana Aisha Masaka. Alizaliwa mwaka 2003, akapitia Alliance ya Mwanza, akavaa jezi ya Yanga Princess, na mwaka 2022 akaenda BK Häcken ya Göteborg, Sweden. Msimu wa 2023/24 alikuwa na timu hiyo kwenye Ligi ya Mabingwa ya Ulaya, na mwaka 2024 akasajiliwa na Brighton ya Uingereza. Watu husimulia safari hiyo kama ngazi, klabu juu ya klabu. Mimi naitazama kwa miguu. Nyasi bandia za Göteborg hazina kokoto. Uwanja wa Uingereza humwagiwa maji kabla ya mechi ili mpira uteleze, na pasi inafika kabla hujamaliza kupumua. Mguso uliokutosha kwenye uwanja wa vumbi, huko ni mrefu mno, na aliyezoea vumbi hana budi kuutengeneza upya, akiwa mtu mzima, mbele ya watu wanaomlipa.

Hapa nitasema jambo ambalo wapenzi wengi wa soka nchini hawalipendi. Tumezoea kuusifu uwanja mbovu, eti ndio unaowapika wachezaji. Viwanja vya Kasulu na Kibondo nimevitazama kiangazi na masika. Kiangazi udongo unakuwa mgumu kama tofali, mpira unadunda kwenye kijiwe na kwenda unakotaka. Masika, ambayo huku juu yanaanza mwezi wa kumi na kuchelewa kuondoka, mpira unanasa kwenye tope katikati ya pasi. Binti anayekulia hapo anapata mguu laini na subira ya kuungoja mdundo. Lakini analipia, maana macho yake yanafungwa kwenye mpira. Hathubutu kuyaondoa, kwa kuwa akiyaondoa nukta moja tu mpira umeshamruka. Na soka la juu linataka kinyume chake. Linamtaka mchezaji aangalie bega la kushoto, bega la kulia, amwone beki, aione nafasi, kisha mguu upokee karibu peke yake. Uwanja mbovu unamfundisha mchezaji nusu ya ufundi na kumnyima nusu nyingine.

Uko pia upungufu mwingine, nao hautokani na udongo. Yule binti wa ukutani nilimhesabia: takriban mguso mmoja kila sekunde 4. Kwa dakika 20 alizopata, ni miguso 300. Kisha sauti ikamwita, akauweka mpira dirishani na kuchukua dumu la lita 20. Kaka zake waliokuwa uwanja wa mbele walibaki hadi giza, saa moja na nusu nzima. Kwa mwendo ule ule, hiyo ni miguso 1,350. Zidisha kwa wiki, zidisha kwa miaka ya kukua. Mtu akiniuliza kwa nini wasichana wa huku Buha, nchi ya Waha, wanaofika ligi ni wachache, namrudisha kwenye hesabu hiyo ya dumu kabla hajaanza kunieleza habari za kipaji.

Na bado wanafika. Njia ni ile ile ya watoto wa shule wote: UMITASHUMTA kwa shule za msingi, UMISSETA kwa sekondari, timu ya wilaya, timu ya mkoa, halafu mashindano ya taifa ambako macho ya makocha yapo. Ligi Kuu ya Wanawake ilianza msimu wa 2016/17, Mlandizi Queens wakawa mabingwa wa kwanza, na katika miaka yake ya mwanzo mkoa huu wa Kigoma ulikuwa na timu humo, Kigoma Sisters. Kwangu lilikuwa jambo kubwa. Msichana wa Kasulu aliweza kushuka hadi mjini Kigoma akamwona kwa macho yake mwanamke anayecheza ligi ya taifa akisema Kiswahili chenye lafudhi ya nyumbani.

Matunda ya taifa zima tumeyaona. Mwaka 2021 Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake, walialikwa kwenye kombe la COSAFA huko Afrika Kusini, wakalitwaa kwa goli moja la Enekia Kasonga dhidi ya Malawi. Oktoba 2022, nchini India, Serengeti Girls wa chini ya miaka 17 waliwafunga Ufaransa 2-1, goli la pili likiwa penalti ya Christer Bahera, wakatoka sare na Kanada na kuingia robo fainali ya Kombe la Dunia. Julai 2025, kwenye fainali za Mataifa ya Afrika nchini Morocco, Opah Clement alifunga dhidi ya Afrika Kusini, mabingwa watetezi wa Afrika, mechi ikaisha 1-1. Zilikuwa fainali za kwanza za Twiga Stars tangu 2010. Wachezaji wa kikosi hicho wameshacheza Uturuki, China, Mexico na Saudi Arabia. Mishahara hiyo yote, ukiifuatilia hadi mwanzo wake, unakuta mguu uliojua kuupokea mpira.

Baada ya jioni ile ya Kasulu nilikwenda Kibondo, mvua zikiwa zimeanza. Siyo mbali na hapo ndipo ilipofunguliwa tena mwaka 2015 kambi ya wakimbizi ya Nduta kuwapokea Warundi, na mpira wa wasichana niliouona huku ulikuwa na sauti mbili. Kiha na Kirundi ni ndugu wa karibu mno, kwa hiyo anayepiga kelele kumwonya mwenzake kwamba ana mtu mgongoni anaeleweka na pande zote. Warundi hawa si wageni kwa soka letu pia. Asha Djafari alitoka Burundi akaichezea Simba Queens, na hapa jina lake linatajwa kama la mtoto wa jirani.

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi huwafundisha wasichana baada ya vipindi. Hana koni wala vizuizi, ana vipande vitatu vya vitenge: chekundu, cha bluu na cha kijani. Binti mmoja anasimama katikati, wawili wanasimama nyuma yake wakiwa na vitenge, na mwalimu anampigia pasi kutoka mbele. Mpira ukiwa njiani, mmoja wa nyuma ananyanyua kitambaa. Anayepokea ni lazima ageuze shingo, arudishe uso, autulize mpira, na aitaje rangi kabla hajapiga. Nilimuuliza mwalimu kwa nini hawaachi kwanza wauzoee mpira wenyewe. Akanijibu kwa upole kwamba mpira wameuzoea tangu wakiwa wadogo, asichokiweza mtoto wa huku ni kuuamini.

Raundi ya kwanza ilikuwa vurugu. Aliyegeuka alipitwa na mpira, na asiyepitwa hakuona rangi. Walicheka, wakarudia, tope likawafika magotini. Mwalimu hakugomba. Kila aliyekosea alimwambia tu, "Haya mwanangu, tena," na kumpigia pasi nyingine ya nguvu ile ile, wala hakumpunguzia.

Kulikuwa na mmoja mwembamba, kimya, aliyevaa jezi iliyomfika mapajani. Zamu yake ilipofika kwa mara ya saba au ya nane, pasi iligonga kijiwe mita mbili mbele yake na kupanda hadi usawa wa goti. Shingo yake wakati huo ilikuwa imegeuka, anatazama nyuma. Aliirudisha bila haraka, paja likashuka na mpira, mpira ukaanguka nusu hatua upande wa kulia, palipokuwa wazi.

"Mwalimu," alisema kabla hajaupiga. "Kijani."