Jirani Alizima Taa

Halloween ya John Carpenter ilitoka 1978, na hadi leo wakosoaji wanaibishania kama kesi ya shamba. Pauline Kael wa The New Yorker aliiponda. Roger Ebert aliipa nyota nne, akailinganisha na Psycho ya Hitchcock. Mwaka 1980, yeye na mwenzake Gene Siskel walitumia kipindi kizima cha televisheni kukemea filamu za wanawake kuwindwa kwa visu, lakini hii waliitetea. Wengine wakashikilia kwamba inawaadhibu wasichana: anayelala na mwanaume anakufa, Laurie asiye na mpenzi anapona. Carpenter mwenyewe alikana.

Ubishi huo niliukuta chuoni, kabla sijaacha masomo mwaka wa pili, na nilikuwa upande wa hao wa mwisho. Halafu juzi nikaitazama tena nyumbani Kericho, kwa laptop, mama akiwa kando yangu anachambua managu. Mama amechuma chai zaidi ya miaka 20.

Filamu yenyewe iligharimu takriban dola 300,000, pesa kidogo sana kwa Hollywood. Maski ya muuaji ilikuwa sura ya Captain Kirk wa Star Trek, ya kununua dukani, ikapakwa rangi nyeupe. Damu ni kidogo ajabu. Hofu inatoka mahali rahisi: mwanaume amesimama kando ya ua wa miti, mchana kweupe, anatazama tu. Laurie anamwona. Rafiki yake Annie anaenda kuangalia, hakuna mtu. Laurie anachekwa.

Hapo mama aliacha managu. Wewe ukiona shamba la chai kwenye kalenda unaona kijani kizuri. Anayeingia humo alfajiri, ukungu bado haujapanda, anaangalia kwanza nani amesimama mwisho wa mstari.

Baadaye Laurie anakimbilia kwa jirani, anagonga mlango, anapiga mayowe. Taa ya nje inawaka. Mtu anachungulia dirishani. Taa inazimwa.

"Huyo amesikia," mama akasema. "Si amesikia?"

Februari 2023, BBC ilirusha uchunguzi kuhusu mashamba ya chai ya Kericho: zaidi ya wanawake 70 walisema wamenyanyaswa kingono na wakubwa wao kazini. Mtandaoni watu walishtuka. Huku kwetu sikuona mtu ameshtuka. Watu walikuwa wanajua. Taa tu ndizo zilikuwa zimezimwa.

Ndiyo maana sasa naona tulikuwa tunabishania kitu kidogo. Kuhesabu nani alilala na nani ni dada yake lile swali tunalowauliza wanawake hapa: kwani ulimfuata wa nini? Ni kweli, kamera inaanza na macho ya muuaji. Lakini pale kwenye ua wa miti iko na Laurie. Sisi tumemwona huyo mwanaume, kwa hivyo hatuwezi kumwambia Laurie ameota. Filamu inamwamini kabla ya mtu yeyote mtaani kwake kumwamini, na kwa hilo naiheshimu.

Ila ina udhaifu mmoja mkubwa. Muuaji wake ni mgonjwa aliyetoroka hospitali, hana sura, Laurie hamjui. Hiyo ni hofu ya kustarehesha, jo. Wetu ana jina, tunamsalimia kanisani, na anajua kibarua chako kinaisha tarehe ngapi. Hahitaji kisu, ana kalamu na daftari la majina. Halafu Laurie ana Daktari Loomis, anayetokea mwishoni na bastola. Mchuma chai anatokewa na nani?

Filamu ya huyo mwenye kalamu ndiyo ningependa mtu wa Kericho au Bomet atutengenezee. Dola 300,000 za nini? Simu moja, ukungu wa asubuhi, na mlango ambao haufunguliwi.