Amin wa Sinema: Nani Kapewa Ulimi?

Mwanafunzi akiulizwa kama filamu fulani imewasawiri watu wa jamii mbalimbali ipasavyo, mara nyingi huanza kuhesabu: Waafrika wangapi, Waasia wangapi, wanawake wangapi. Makala haya yanajaribu kuonyesha kwamba hesabu hiyo haitoshi. Mfano wetu ni filamu inayotuhusu sana hapa Uganda, Rise and Fall of Idi Amin ya mwaka 1981.

Filamu hii iko katika kundi ambalo nitaliita filamu za kuuza kioja, yaani zile zinazochukua jambo linalotisha au kushangaza watu, zikaligeuza bidhaa. Kundi hilo si la kudharauliwa lote. Coffy ya mwaka 1973, kwa mfano, iliuza damu na uchi, lakini ilimpa Pam Grier, mwanamke mweusi wa Marekani, nafasi ya mhusika mkuu anayeamua na kutenda.

Tukihesabu nyuso, filamu ya Amin inafaulu. Mwongozaji, Sharad Patel, ni Mkenya mwenye asili ya Kiasia. Joseph Olita, Mkenya pia, anaigiza Amin. Denis Hills, Mwingereza aliyehukumiwa kifo na serikali ya Amin mwaka 1975 kisha akaachiliwa, anajiigiza mwenyewe. Lakini wananchi je? Wengi wanapita mbele ya kamera ili wauawe. Ni wachache mno wanaopewa muda wa kutuonyesha waliishi vipi, walimpenda nani, au waliogopa nini kabla ya kukamatwa. Kinachobaki akilini mwa mtazamaji ni vichwa vya maadui ndani ya friza.

Sisi walimu wa lugha tuna jambo la kuongeza. Mazungumzo ya filamu hii kwa jumla ni ya Kiingereza. Ilhali Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi tangu enzi za King's African Rifles, alikolelewa Amin mwenyewe, na mwaka 1973 alikitangaza kuwa lugha ya taifa. Waganda wengi walikisikia kwanza kikitoka kinywani mwa askari mwenye bunduki, na chuki ile dhidi ya Kiswahili bado inatusumbua madarasani, ingawa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili. Filamu inayoacha jambo hilo imeonyesha damu ikaficha sauti ya hofu yenyewe.

Linganisha na Mississippi Masala (1991) ya Mira Nair. Humo Olita anaonekana tena kama Amin, kwa muda mfupi tu. Hadithi ni ya Jay, Mwasia aliyezaliwa Uganda, anayefukuzwa mwaka 1972, na rafiki yake Okelo, Mwafrika aliyemtoa mahabusu. Okelo ndiye anayemwambia kwamba Afrika sasa ni ya Waafrika weusi. Maneno hayo yanamuuma Jay kwa miaka mingi kwa sababu yametamkwa na rafiki, si na dikteta. Mwigizaji wa Amin ni yule yule, lakini safari hii waliotendewa ndio wenye hadithi.

Je, Kiswahili kikirudi, tatizo limekwisha? La hasha. Forest Whitaker alijifunza Kiswahili kwa ajili ya The Last King of Scotland (2006), na mwaka 2007 akapata tuzo ya Oscar. Filamu ilipigwa Uganda, na Waganda kama Abby Mukiibi walishiriki. Hata hivyo, tunayaona yote kupitia macho ya daktari wa Kiskoti wa kubuni.

Kwa hiyo napendekeza wanafunzi waulize maswali matatu: Nani anazungumza? Kwa lugha gani? Nani anapewa muda wa kuhuzunika? Kisha wamchague mhusika mmoja asiye na jina katika filamu ya mwaka 1981, wamwandikie mazungumzo ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili: usiku ule, nyumbani kwake, kabla gari halijasimama mlangoni. Wengine watalazimika kuwauliza wazee wao kwanza, na hiyo ni sehemu ya zoezi.