Ushuru wa Unguja na Hongo ya Ugogo

Yafaa historia ya Unguja katika karne ya 19 isomwe kwa vitabu viwili pamoja. Cha kwanza ni Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, mfanyi biashara wa Unguja aliyefariki mwaka 1905. Kitabu hicho kilitolewa na Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1958 na 1959, pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley. Cha pili ni Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika, kilichotungwa na Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Ugogo, na kuchapishwa mwaka 1954.

Tippu Tip aeleza habari za deni, mizigo na pembe kwa lugha nyepesi isiyo na mapambo. Huo ndio uzuri wa kitabu chake, na upungufu wake u humo humo: nchi kavu iliyo baina ya Mpwapwa na Unyamwezi yaonekana kwa jicho la mpitaji. Mnyampala aiona kwa jicho la mwenyeji, akieleza koo za watemi na asili zao.

Tofauti hiyo hudhihirika katika neno hongo. Katika lugha ya misafara, hongo ilikuwa malipo aliyotozwa mpitaji na mtemi ili apewe njia na maji. Leo neno hilo lina maana ya rushwa, na msomaji asiye mwangalifu huwahukumu watemi kwa maana hiyo. Lakini pembe zile zile zilipofika forodha ya Unguja zilitozwa tena, na malipo hayo yaliitwa ushuru, jina lisilo na doa. Kuanzia mwaka 1890 wote wawili walinyang'anywa: Unguja iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza, na mwaka 1891 Sultani akapangiwa posho, Wajerumani nao wakaikomesha hongo ya bara.

Hata hivyo Mnyampala naye asomwe kwa hadhari. Aliandika wakati utemi ulipokuwa cheo chini ya Waingereza, kabla haujafutwa mwaka 1963, na watu wasio wa koo za kitemi hawana nafasi kubwa kitabuni mwake.

Watunga kamusi na wahariri wa maandiko ya kale hawana budi kuihifadhi maana ya kwanza ya hongo. Ikipotea, mtemi wa Ugogo atabaki mla rushwa, na Sultani mtoza ushuru, kwa tendo lile lile.