Spika Nayo ni Ala: Uhakiki wa Sauti ya Theremini, Likembe na Inanga

Katika Kiswahili chetu liko neno moja lililobebeshwa mzigo wa vyombo vitatu. Neno hilo ni kipaza sauti. Mtu akishika maikrofoni mkononi, twasema ameshika kipaza sauti. Spika ikitundikwa mtini ili mkutano usikike hadi ng'ambo ya barabara, hiyo nayo ni kipaza sauti. Na lile sanduku la umeme lililo kati ya viwili hivyo, ambalo ndilo hasa liipalo sauti nguvu, aghalabu halina jina lake. Katika mazungumzo ya kila siku hakuna hasara kubwa. Lakini kwa mhakiki wa muziki, na kwa mwalimu anayewafundisha vijana kusikiliza, upungufu huo una madhara, kwa maana hutufanya tudhani kwamba vyombo hivi vyote vina kazi moja tu, yaani kupaza.

Sisi tulio huku Kabezi, kando ya barabara ya ziwani itokayo Bujumbura kwenda Rumonge, twaikuta dhana hiyo harusini na mikutanoni: sauti nzuri ni ile ifikayo mbali. Makala haya yakusudia kuipinga. Rai yetu ni kwamba amplifaya na spika ni viungo vya ala yenyewe, kama mti ulivyo kiungo cha ngoma, na yafaa vihakikiwe kwa sikio lile lile.

Ili hoja hii ieleweke, tuanze na ala ya mbali, ambayo bila ya spika haina sauti hata kidogo. Theremini ilibuniwa nchini Urusi yapata mwaka 1920 na mwanafizikia Lev Termen. Alipewa hataza yake nchini Marekani mwaka 1928, na mwaka uliofuata kampuni ya RCA ikaanza kuiuza. Mchezaji haigusi. Mkono mmoja husogea karibu na antena iliyosimama wima, na sauti hupanda au kushuka. Mkono wa pili husogea juu ya antena ya kitanzi, na sauti huongezeka au kufifia.

Siri yake ni hii. Ndani ya sanduku mna saketi mbili zitoazo mitetemo ya kasi ya redio, ambayo sikio haliwezi kuisikia. Mtetemo mmoja haubadiliki. Wa pili hubadilika kadiri mkono unavyoikaribia antena. Kisha yote miwili huchanganywa, na tofauti yake ndiyo noti tuisikiayo. Tuchukue mfano: mitetemo 170,000 kwa sekunde ikikutana na 170,440, tofauti ni 440, nayo ni noti ile ambayo wanamuziki wengi huitumia kulinganisha ala zao.

Basi, sauti hiyo yaweza kuboreshwa wapi? Kwanza, katika saketi. Mitetemo miwili ikikaribiana mno, saketi huvutana: noti za chini hupotoka umbo, hukwaruza, na mwishowe hunyamaza, kwa kuwa saketi zote mbili zimeshikana na kwenda mwendo mmoja. Fundi aweza kuupunguza mvutano huo kwa kuweka kinga ya bati baina yao, na kwa kuiunganisha ala na ardhi ipasavyo. Aweza pia kurekebisha sehemu inayochanganya mitetemo, au kuweka chujio, ili noti iwe nyororo kama filimbi au yenye makali kama fidla. Theremini ya Etherwave, iliyotolewa na Robert Moog mwaka 1996, ina vifundo viwili kwa kazi hiyo: kimoja cha umbo la wimbi, kingine cha ung'avu wa sauti. Tuonye hapa kwamba ala za zamani za vali za kioo zina umeme wa volti mamia, wenye kuua. Si kazi ya kujaribiwa darasani.

Pili, katika amplifaya. Amplifaya ikisukumwa kupita kiasi chake, hukata vilele vya wimbi. Kukatwa huko huzaa sauti ndogondogo za juu, ambazo wataalamu huziita hamoniki, na ladha ya sauti ikabadilika. Kwa theremini jambo hili laweza kuwa neema. Ala hiyo hutoa noti moja tu kwa wakati, hivyo kila hamoniki inayozaliwa ni jamaa ya noti hiyo moja. Sauti iliyokuwa kavu hupata mwili.

Tatu, katika spika. Spika ndogo haiwezi kutoa noti za chini, hata saketi iwe bora namna gani. Spika ya gitaa aghalabu haitoi vizuri mitetemo inayozidi elfu tano au sita kwa sekunde, na kwa sababu hiyo huifunika mikwaruzo ya juu. Tena mchezaji wa theremini hana ufunguo wala mstari wa kumwonyesha mahali pa noti. Mwongozo wake ni sikio. Akiisikia vibaya sauti yake, atacheza vibaya. Asikilizaye rekodi ya Clara Rockmore iliyotolewa mwaka 1977 atatambua kwamba ustadi wa mkono na uzuri wa chombo havikutenganishwa.

Sasa turudi Afrika, tuone somo hilo likigeuka. Mjini Kinshasa, katika miaka ya 1960, Mawangu Mingiedi alianzisha kundi lililokuja kujulikana kama Konono No. 1. Likembe ni ala ya vijiti vya chuma vinavyobinywa kwa vidole gumba, na sauti yake ni ya faragha. Makelele ya jiji yangeimeza. Kwa hiyo likembe zilitiwa maikrofoni zilizoundwa kwa sumaku za vipuri vya magari chakavu, na sauti ikatolewa kwa amplifaya na spika zilizolemewa. Mwaka 2004 albamu yao Congotronics ilitolewa, nayo ikasifiwa kwa ukwaruzo ule ule ambao fundi wa redio angeuita kasoro.

Hapa mhakiki ajihadhari. Likembe hutoa noti kadhaa zinazopishana na kuingiliana, na noti mbili zikipita pamoja katika amplifaya iliyolemewa huzaa nyingine: jumla yao na tofauti yao. Noti za mitetemo 300 na 440 huzaa 740 na 140, ambazo hakuna kidole kilichozipiga. Msomaji atakumbuka kwamba tofauti kama hiyo ndiyo iliyoizaa theremini. Yaani tukio lile lile la umeme ni mama wa ala moja na ni vumbi juu ya nyingine. Je, vumbi hilo ni kosa? Kwa Konono twasema si kosa, kwa sababu likembe tangu zamani huvalishwa vipete vya chuma ili ivume. Ukwaruzo wa amplifaya uliingia katika nyumba iliyokwisha kuwa na nafasi yake. Hata hivyo hatukubali kila mkwaruzo uitwe sanaa. Kipimo chetu ni chepesi: msikilizaji aweze bado kuufuata mwendo wa kila likembe. Akishindwa, amplifaya imeila ala.

Mtihani ulio mgumu kuliko yote uko hapa kwetu Burundi. Ni inanga ya kunong'oneza. Inanga ni ubao uliochongwa kama bakuli refu, na juu yake uzi mmoja hupitishwa mara nyingi kutoka ncha hadi ncha. Mchezaji hupiga nyuzi hizo za sauti nzito, naye hunong'ona. Mnong'ono ni pumzi, hauna noti. Lakini ukiungana na nyuzi, sikio huvishana viwili hivyo, na msikilizaji hudhani mnong'ono wenyewe unaimba. Mtaalamu Cornelia Fales aliliandikia jambo hili mwaka 2002. Muungano huo haumo katika ubao wala kinywani. Umo katika mizani baina yao.

Basi tuseme inanga yaletwa sherehe ya watu mia tano, na maikrofoni ikawekwa mdomoni pa mchezaji. Pumzi itapanda juu ya nyuzi, mizani itavunjika, na kitakachotoka katika spika ni mtu anayepumua. Amplifaya ikilemewa, hali itazidi kuwa mbaya. Sauti imefika mbali, lakini sanaa imebaki nyuma. Kwa inanga, twashauri maikrofoni moja iwekwe kwa umbali kidogo, ipokee mdomo na nyuzi kwa pamoja kama sikio la mgeni aketiye mbele. Amplifaya ifanye kazi chini ya uwezo wake. Na spika iwe yenye kuzitoa noti nzito bila kutetemeka. Ikiwa hayo hayawezekani, heri watu wasogee karibu. Ngoma ikilia sana hupasuka. Inanga ikipazwa sana hutoweka, nayo haitoi hata kishindo cha kupasuka.

Walimu wenzetu, kazi ya kwanza ni ya lugha. Tuwafundishe wanafunzi kwamba maikrofoni hupokea, amplifaya hukuza, na spika hutoa, na kwamba kila kimoja chaweza kuongeza au kuharibu. Kazi ya pili ni ya sikio. Mwanafunzi asikilize ala pasipo umeme, kisha aisikilize kwa umeme, naye aeleze kwa Kiswahili fasaha kilichoongezeka na kilichopotea. Wakati ungali upo wa kufanya hivyo kwa inanga, maadamu bado yuko wa kuinong'oneza na wa kumsogelea.